Kuchagua Hema la Tamasha: Mwongozo Kamili Kuanzia Dukani hadi Uwanjani

Kosa ni lile lile kila msimu. Mtu ananunua hema siku mbili kabla ya tamasha, anaangalia picha kwenye boksi, anaona limeandikwa watu wanne, analipa na kupanda matatu. Usiku wa pili mvua inashuka. Saa tisa alfajiri ameketi ndani ya gari la mtu asiyemjua, blanketi limelowa chepechepe, simu imezimika, na bado kuna siku mbili za muziki ambazo ameshazilipia.

Nimewasaidia watu wengi kusimamisha upya mahema yaliyowaangukia gizani, Kilifi, Pwani ya Kenya, wakati wa mwaka mpya, na Jinja, Uganda, kwenye tamasha la Nyege Nyege. Karibu kila mara shida ilianzia dukani, wala si mawinguni. Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Hatua ya 4 na ya 8 ndizo watu huziruka, na ndizo zinazowaliza.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Futi ya kupimia, hata ile ya fundi cherehani
- Roli moja ya tishu (utaona kazi yake kwenye hatua ya 8)
- Mpira wa kumwagilia bustani, au ndoo tatu za maji na kopo
- Turubai jepesi la kutandika chini ya hema
- Vigingi sita vya akiba na misumari minane ya inchi 6
- Viroba vinne vitupu, vile vya unga vya kilo mbili vinafaa
- Kamba ya mita 10 na nyundo ndogo
- Gundi ya kuzibia mishono na tepu pana ya kitambaa
- Tochi ya kuvaa kichwani
- Kitambaa laini cha pamba
- Wiki mbili kabla ya safari

Hilo la mwisho usilipunguze. Ukilijaribu hema kesho wakati safari ni keshokutwa, utagundua tatizo na hutakuwa na muda wa kulitatua.

## Hatua ya 1: Taja mahali na mwezi kabla hujataja bei

Hakuna hema zuri kwa kila mahali. Anza kwa kujua adui wako ni nani.

Kilifi mwisho wa Desemba, kaskazi inavuma. Joto la mchana linapita nyuzi 30, usiku haupoi sana, na hewa imejaa unyevu wa bahari. Kwa kawaida mvua za vuli zimeshapungua, ingawa manyunyu ya ghafla yapo. Pale adui ni joto, kisha upepo, kisha ardhi yenyewe: hapa mchanga, pale jiwe la matumbawe.

Jinja ni habari nyingine. Nyege Nyege ilianza mwaka 2015 kandokando ya Mto Nile, na mara nyingi hufanyika kati ya Septemba na Novemba, ndani ya msimu wa mvua. Mvua ya huko ni nzito, huja na radi na upepo, na udongo mwekundu hugeuka tope kwa dakika chache. Adui ni maji, ya kutoka juu na ya kutoka chini.

Naivasha, kwenye kimo cha karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, mchana utavaa fulana na usiku utatafuta jaketi. Huko jiandae kwa baridi na umande.

Umefaulu ukiweza kusema: "Naenda mahali fulani, mwezi fulani, na adui wangu mkubwa ni huyu." Ukiingia dukani na sentensi hiyo, muuzaji hatakuuzia kilichojaa stoo.

## Hatua ya 2: Pima watu kwa sentimita

Boksi likisema watu wanne, maana yake miili minne imepangwa bega kwa bega kama dagaa kichanjani, bila begi hata moja. Mtu mzima anahitaji upana wa sentimita 60 hadi 70 ili alale na ageuke. Hema la watu wawili kwa kawaida lina upana wa sentimita 120 hadi 150. Tia ndani mabegi mawili, viatu na dumu la maji, na tayari bega lako liko ukutani.

Kanuni ninayoitumia: hesabu vichwa, ongeza mmoja. Kama mnakaa siku nne au mna mabegi makubwa, ongeza wawili. Usizidishe hapo. Hema la watu nane kwa wapenzi wawili ni mzigo wa kubeba, linashika upepo kama tanga, na kwenye kambi iliyojaa hutapata mahali pa kulitandaza.

Urefu nao una mtego wake. Kuta za mahema mengi zimeinama, kwa hiyo sakafu ya sentimita 200 haikupi sentimita 200 za kulala. Mtu wa sentimita 180 atafute sakafu ya 215 au zaidi. Kichwa au miguu ikigusa ukuta usiku kucha, unyevu ulioganda kwenye kitambaa unahamia kwenye begi lako la kulalia, na utaamka ukidhani hema limevuja.

Chora vipimo vya sakafu kwa chaki sebuleni. Mlale ndani ya mstari, wote, pamoja na mabegi yenu.

Umefaulu ikiwa: kila mtu anageuka ubavu bila kumwamsha mwenzake, na hakuna mguu uliovuka chaki.

## Hatua ya 3: Chagua umbo linalolingana na usafiri wako

Hema la kuba, lenye fito mbili zinazopishana juu, ndilo ninalompendekezea mtu wa mara ya kwanza. Linasimama lenyewe hata kabla ya kigingi kuingia ardhini, kwa hiyo unaweza kuliinua na kulisogeza ukigundua umelala juu ya mzizi. Likijaa mchanga, unafungua mlango, unaliinua na kulikung'uta.

Hema linalojifungua lenyewe ukilirusha linavutia sana kwenye video. Likikunjwa linakuwa duara pana kama sinia la pilau la harusini, mara nyingi sentimita 80 au zaidi. Halikai chini ya kiti cha matatu, na kwenye boda litakuwa tanga. Pia mengi ya aina hiyo yana ukuta mmoja tu, na hilo ni tatizo tutakalolifikia. Kama unaenda kwa gari lako na mahali ni pakavu, sikukatazi.

Hema la handaki lina nafasi nzuri ndani, ila linasimama kwa nguvu ya vigingi peke yake. Kwenye mchanga wa Pwani litakuhangaisha.

Yale makubwa ya duara ya turubai la pamba yenye nguzo moja katikati ni starehe kweli. Uzito wake ni kilo 20 na kwenda juu, kwa hiyo yanafaa kundi lenye gari.

## Hatua ya 4: Kofia au kanzu?

Hapa ndipo hema linapochaguliwa hasa.

Mahema mengi ya bei ya chini huvaa kofia: kipande kidogo cha kitambaa juu ya kilele, kinachofunika neti ya dari na kuziacha kuta wazi. Mvua ikishuka wima, kofia inatosha. Ikija na upepo inapiga ubavuni, na ubavu wa hema la kofia ni kitambaa chepesi kisicho na kinga ya kutosha.

Hema la kanzu lina paa la nje linaloshuka pande zote hadi vidole vinne au vitano kutoka ardhini. Kati ya kanzu hiyo na chumba cha ndani kuna nafasi ya kupitisha mkono. Maji yakipiga yanateleza juu ya kanzu hadi chini, hayakugusi. Hata yakipenya kidogo, yanakuta nafasi tupu kwanza.

Mwaka wangu wa kwanza Jinja nilikuwa na hema la kofia. Muuzaji aliniapia kwamba halipitishi maji, nami sikuuliza zaidi. Mvua ilianza saa nane usiku. Kileleni hapakuvuja hata tone. Nilimulika ukuta wa upande wa kichwa changu kwa simu nikaona maji yanateremka kwa ndani, membamba kama jasho, yakikusanyika kwenye kona nilikoweka shati la kesho. Kilichoniuma zaidi ni kwamba sakafu ilikuwa imara. Haikuyaruhusu maji yatoke. Kufika alfajiri nilikuwa nimelala ndani ya beseni.

Kwa hiyo kama fedha zako zinatosha ubora wa kitu kimoja tu, nunua kanzu. Kisha angalia mambo haya matatu.

Kipimo cha milimita. Lebo nzuri huonyesha namba kama 1500, 2000 au 3000 ikifuatiwa na mm. Maana yake ni kwamba kitambaa kile kimewekewa mnara wa maji wenye kimo hicho juu yake kabla ya matone kuanza kupenya. 3000 ni mnara wa mita tatu. Kwa paa la nje, chini ya 1500 usinunue kwa ajili ya msimu wa mvua. 2000 hadi 3000 inatosha kabisa kwa matamasha ya kwetu. Usilipie zaidi ya hapo. Lebo isiyo na namba yoyote, yenye maneno ya kusifu tu, ichukulie kwamba haina kinga.

Mishono. Kitambaa kizuri kikishonwa, sindano inakitoboa maelfu ya mara. Geuza paa la nje upande wa ndani uone kama kila mshono umebandikwa tepu nyembamba inayong'aa. Pitisha kidole juu yake. Isiwe imebanduka, isiwe na mapovu. Mishono isiyo na tepu inaweza kuzibwa kwa gundi yake, lakini hiyo ni kazi ya jioni nzima, na bei ya hema inapaswa kushuka kwa sababu yake.

Kibaraza. Kanzu nzuri hutoka mbele ya mlango na kuacha nafasi ya viatu vya tope. Bila kibaraza, viatu vinalala na wewe au vinalala mvuani.

Kuhusu kitambaa chenyewe: polyesta inavumilia jua kali kuliko nailoni, na hailegei sana ikilowa. Kwa jua letu, chagua polyesta.

Umefaulu ikiwa: umechuchumaa kando ya hema lililosimamishwa dukani na huoni ukuta wa ndani ukichungulia popote chini ya kanzu.

## Hatua ya 5: Sakafu iwe na kingo

Tafuta sakafu iliyopanda ukutani sentimita 10 hadi 15 kabla haijakutana na mshono, kama karai lenye kina kifupi. Sakafu iliyoshonwa usawa wa ardhi inaweka mshono palepale maji yanapopita. Kipimo chake kiwe 3000 mm au zaidi, kwa sababu ukipiga goti juu ya ardhi iliyolowa, uzito wako wote unasukuma maji kwenye eneo dogo la kitambaa.

## Hatua ya 6: Hewa, neti na jua la saa mbili

Karibu na ikweta jua linachomoza kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima. Saa mbili asubuhi hema lisilopumua ni tanuri, na wewe umelala saa kumi. Ndiyo sababu mahema mengi ya mitumba kutoka Ulaya huwashinda watu wa Pwani. Yalishonwa kuhifadhi joto: chumba cha ndani ni kitambaa kitupu, na neti ni dirisha dogo tu mlangoni.

Unachotaka ni kanzu nje na chandarua ndani. Angalau nusu ya kuta za juu za chumba cha ndani ziwe neti. Usiku ukiwa mkavu unaikunja kanzu hadi nusu na upepo unapita. Mvua ikianza unaishusha kwa dakika moja. Kanzu yenyewe iwe na tundu la hewa karibu na kilele, lenye kijikofia cha kuzuia mvua.

Neti iwe nzima na yenye matundu madogo. Malaria ipo Kilifi na ipo Jinja, na hema lenye zipu isiyofunga hadi mwisho ni sawa na kulala nje. Milango miwili inayotazamana ni bora kuliko mmoja: inapitisha hewa, na mwenzako hakurukii usiku akienda msalani.

Mtu akilala anapumua mvuke usiku kucha. Usipopata pa kutokea unaganda kwenye kitambaa na kudondoka. Hema la ukuta mmoja halina pa kuuficha, ndiyo maana unaamka na matone usoni hata kama hapakunyesha.

Chagua rangi isiyokolea. Kuna pia mahema yaliyopakwa rangi maalumu ya kuzuia mwanga kwa ndani. Kwa wanaocheza hadi alfajiri yanafaa sana, mradi matundu ya hewa yawe ya kutosha.

Umefaulu ikiwa: ukifunga neti zote na kufungua kanzu, unamwona mtu aliyesimama upande wa pili wa hema.

## Hatua ya 7: Fito na vigingi

Fito za fiberglasi ni za bei nafuu na hupasuka kwa urefu zikizeeka. Za alumini ni nyepesi, zikizidiwa hupinda badala ya kupasuka, na hugharimu zaidi. Kwa hema la watu watatu, fiberglasi ya unene wa milimita 8.5 na kuendelea itakuhudumia. Fito nyembamba kama penseli kwenye hema kubwa, usiguse. Kaskazi ya Kilifi itazilaza.

Vile vigingi vya waya vinavyokuja na hema vichukulie kama zawadi. Vinapinda kwenye jiwe la kwanza. Kinachofaa kinategemea ardhi:

- Udongo mwekundu: kigingi chenye umbo la V. Kipige kikiwa kimeinama, kichwa kikitazama mbali na hema, ili kamba ivute dhidi ya urefu wake.
- Matumbawe: misumari ya inchi 6. Inaingia kwenye nyufa ambazo kigingi hakiwezi. Ikigoma, funga kamba kwenye jiwe zito.
- Mchanga: kigingi chochote cha kawaida kitang'oka. Jaza kiroba mchanga, kifunge kamba ya hema shingoni, kichimbie shimo la kina cha mkono hadi kiwiko, kilaze, kifukie, kisha kanyaga juu yake. Hakitoki.

## Ukienda mitumbani

Kwenye masoko ya Gikomba na Toi, Nairobi, nimepata mahema ya ubora ambao dukani nisingeumudu. Lakini hema la mtumba unalinunua kwa pua na vidole kabla ya macho.

Linuse kwanza. Harufu ya siki au ya matapishi inaonyesha kwamba tabaka la kuzuia maji linaoza kwa sababu hema lilihifadhiwa likiwa bichi. Kisha finya kitambaa kwa upande wa ndani. Kikinata vidoleni, au kikikuachia unga mweupe wa kubanduka, kirudishe. Hakuna dawa ya hilo, hata bei ikishushwa vipi.

Inua kitambaa dhidi ya jua utafute vitobo. Vya ukubwa wa kichwa cha pini vinazibika kwa gundi. Fungua na funga kila zipu mara tatu; ikifunga nyuma na kuacha mdomo wazi, bana kichwa chake taratibu kwa koleo na mara nyingi itapona. Hesabu fito na uziunganishe zote palepale. Za fiberglasi zipitishe kwa kitambaa cha pamba, kamwe usitumie kiganja: nyufa zitakamata uzi, na kwenye kiganja zitaacha vijiti vya kioo visivyoonekana.

Mwisho, lisimamishe. Muuzaji akikataa usilifungue, mshukuru na uondoke.

## Hatua ya 8: Lijaribu nyumbani, kwa maji

Kama una saa mbili tu za kutumia kwenye mwongozo huu wote, zitumie hapa.

Kwanza, lisimamishe mchana bila msaada. Soma maelekezo, weka kila ufito mahali pake, na utie alama kwa wino wa kudumu: fito za chumba cha ndani rangi moja, za kibaraza rangi nyingine. Gizani alama hizo zitakuokoa.

Pili, lisimamishe tena usiku kwa tochi ya kichwani. Watu wengi hufika kambini jua limezama. Ukiweza ndani ya dakika 15, uko tayari.

Tatu, jaribio la tishu. Vuta kanzu hadi ikaze, bila mikunjo, na isiguse chumba cha ndani popote. Ingia ndani utandaze vipande vya tishu sakafuni chini ya kila mshono, kwenye kona zote nne na chini ya mlango. Toka, funga zipu. Mwombe mtu amwagie maji kwa mpira kwa dakika 20, kwanza kutoka juu, kisha kwa pembe, ubavuni, kama mvua ya upepo. Kama huna mpira, tumia ndoo na kopo, ukirusha toka kila upande.

Ingia na tochi. Tishu inasema ukweli ambao jicho halioni: tone dogo tu linaacha duara jeusi lenye kingo. Zungushia alama kila mahali palipolowa, anika hema likauke kabisa, kisha paka gundi kwenye mshono husika. Hakikisha gundi inalingana na kitambaa chako, kwani ile ya silikoni haishiki kwenye kitambaa kilichopakwa PU (polyurethane, tabaka la plastiki la kuzuia maji). Acha usiku mzima, rudia jaribio.

Onyo: usichanganye kuvuja na mvuke. Mstari mmoja wa maji chini ya mshono ni tundu. Matone madogo yaliyotapakaa dari nzima asubuhi ni pumzi zenu wenyewe, na dawa yake ni kufungua matundu ya hewa.

Umefaulu ikiwa: tishu zote ni kavu na bado nyepesi mkononi.

## Hatua ya 9: Kuchagua mahali uwanjani

Fika kabla ya jua kuzama. Kambi huanza kujaa sehemu nzuri, na sehemu nzuri si ile iliyo karibu na jukwaa.

Tembea kwanza bila begi. Tafuta ardhi iliyoinama kidogo sana, ili maji yapite badala ya kutuama. Nyasi zilizolala upande mmoja na majani yaliyokusanyika kwenye mstari huonyesha mkondo wa maji, ondoka hapo. Kagua msafara wa siafu. Tazama juu: usilale chini ya mnazi wenye nazi, wala chini ya tawi kavu, hata kama kivuli kinakuita.

Kuhusu kivuli, watu huchagua kile wanachokiona wakifika saa kumi jioni. Kivuli hicho hakikusaidii. Unachohitaji ni cha saa mbili asubuhi, kwa hiyo mti uwe upande wa mashariki wa hema lako.

Elekeza mlango mbali na upepo. Kilifi wakati wa kaskazi upepo unatoka kaskazini-mashariki, basi mlango utazame kusini-magharibi. Jenereta iwe mbali, kwa kelele na kwa moshi wake. Vyoo viwe umbali wa kutembea, lakini pasiwe njia ya kwendea vyooni: usiku kucha kila mpitaji atajikwaa kwenye kamba zako. Funga kitambaa cheupe kwenye kila kamba.

Tandika turubai chini, na kingo zake zikunjwe ndani ya ukubwa wa sakafu, sentimita tano kila upande. Likichomoza nje linakinga mvua na kuipeleka chini ya mgongo wako.

Umefaulu ikiwa: ukibonyeza kona yoyote ya hema kwa kiganja linarudi lenyewe, na kanzu imekaza pande zote.

## Hatua ya 10: Usiku

Usiwashe jiko la mkaa ndani ya hema. Wala kwenye kibaraza. Wala likiwa limebaki makaa tu ya kupashia miguu joto Naivasha. Hewa ya mkaa haina harufu, haikohozi, na inaua mtu usingizini. Mshumaa na dawa ya mbu ya kuchoma navyo vibaki nje. Polyesta inashika moto na kuyeyuka juu ya ngozi. Nakusihi kabisa katika hili, na umwambie kila mnayelala naye.

Kufuli mlangoni huwaambia wezi kwamba ndani kuna kitu, na wembe unapita kitambaa kwa sekunde moja. Simu, fedha na kitambulisho tembea navyo, na ukilala vitie ndani ya begi la kulalia, upande wa miguuni.

## Hatua ya 11: Kulirudisha

Siku ya kuondoka likung'ute, futa tope kwa kitambaa kibichi na uhesabu vigingi kabla hujakunja. Ukilazimika kulikunja likiwa limelowa, lianike siku hiyohiyo ukifika nyumbani, hata kama umechoka, hata kama ni kwenye kamba ya nguo usiku. Likilala bichi kwa joto letu, lile tabaka la kuzuia maji linaanza kuoza, na baada ya miezi michache litanuka siki.

Anika kivulini, si juani, pande zote mbili. Osha kwa maji na sabuni laini ya mche, bila poda ya kufulia. Usilikunje kwa mistari ileile kila mara. Liviringishe au lisokote kwenye mfuko kwa kulegea, na ulihifadhi mahali pakavu, mbali na bati la dari.

Andika kwenye karatasi kilichopungua au kilichoharibika: vigingi viwili, kamba moja, zipu ya kushoto inakwama. Itumbukize karatasi hiyo ndani ya mfuko wa hema, juu kabisa, mahali mkono wako utakapoigusa kwanza mwakani.